Mbele ya kununua objektifu ndefu

Bwana Prefe, waalimu, ndugu na dada wanafunzi,

Tangu kikundi cha foto kimemaliza kukusanya mchango, maneno ni mingi ku masomo. Wamoja wanataka tununue objektifu ndefu, ile ya kukamata uso wa muchezaji toka upande wa pili wa kiwanja. Wengine wanataka sakoshi kubwa yenye mifuko kumi. Sisi wakapita, tulio pia wafinalisti, tuko na wazo lingine: feza ya wote inunue kwanza vitu vya kuchunga foto. Vya kupendeza macho vitafuata.

Juu ya nini? Aparei yetu haina kosa. Iko na pointi milioni 24, na kwa kutosha foto safi ya santimetre 10 kwa 15, pointi milioni 2 zinaenea. Kinachotushinda ni mambo madogo: batri inazimika katikati ya ibada, mikono inatetemeka magaribi. Na baya kupita yote, foto za ubatizo wa mwaka jana zilikuwa kwa karte moja tu, na karte ile ilikufa. Mumoja wa wale waliobatizwa siku ile hayuko tena katika dunia hii. Mama yake amekwisha kuja mara mbili kuuliza foto. Objektifu ndefu itamujibu nini?

Basi, kwanza karte mbili za kweli na disiki ya nje. Tunasema za kweli kwa sababu ku soko kunapita karte za uongo: juu yake wameandika giga 64, kumbe ndani kuko 8 tu. Hazikatai foto. Zinapokea, halafu zinaandika mpya juu ya za zamani, ao zinabakiza jina la foto bila foto yenyewe. Kuzipima si kazi nguvu: tujaze karte yote kwa ordinatere, tuichomoe, tuirudishe, kisha tufungue vyote tulivyoweka. Kimoja kikikataa, turudishie muuzaji siku ile ile. Giga 32 zinaenea: foto moja ikiwa na mega 10, karte inabeba karibu foto 3,000. Na kisha kila sikukuu, foto zikae fasi mbili, na disiki isilale katika sakoshi moja na aparei. Mwizi akibeba sakoshi, asibebe na ukumbusho wetu.

Pili, batri ya akiba, na sharjeri inayokubali waya wa USB, ili plake ya jua itusaidie siku umeme haupo. Wote munajua siku zile ni ngapi.

Tatu, miguu mitatu ya kusimamishia aparei. Hii hata seremala anaweza kuitengeneza, kwa kuwa tundu la chini ya aparei karibu zote linakubali bulo ya robo inchi. Muangalie tu: bulo ya milimetre 6 inafanana nayo, lakini itaharibu tundu.

Nne, kitambaa laini cha kupanguza kioo, mufuko wa plastiki kwa mvua, na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyopatikana katika sanduku za viatu vipya. Unyevu unaotesha kuvu ndani ya objektifu, na kuvu ikiisha kula kioo, hakuna kitambaa kitaitosha.

Feza ikibaki, tununue objektifu, lakini ile fupi ya milimetre 50 inayofunguka 1.8. Ile iliyokuja na aparei, ukiifikisha 50, inafunguka 5.6 hivi. Wa hesabu wanajua: 5.6 ugawe kwa 1.8, jibu ulizidishe kwa lenyewe, utapata mwangaza karibu mara 10. Kwaya ikiimba magaribi, njo dawa yake. Objektifu ndefu za bei ndogo zinapenda jua kali na mukono usiotikisika, na hatuna hivyo kila saa. Wapenzi wa mupira wasikasirike. Kwao kuko dawa ya bure: musogee karibu na mustari.

Watasema tunaogopa kuonekana wa kisasa. Hapana. Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu anasema juu ya mtu mwenye kutaka kujenga munara: anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Na sisi tuhesabu. Sisi wa mwaka wa sita, kisha Egzeta tutatawanyika. Hatutabeba objektifu. Tutakachoomba, kila mumoja, ni foto yake na wenzake, nayo sherti iwe imechungwa.

Mukutano ni siku ya posho. Mukuje wote, na kila mutu aseme.

Kwa jina la wakapita,
Finalisti mumoja