HARUFU YA BREKI SI YA KUZOEA

Ndugu wanaushirika,

Kuna neno limeingia hapa kijijini, linazunguka tangu ghalani mpaka gengeni. Neno lenyewe ni hili: "Lori kunuka likishuka Mombo ni kawaida yake." Sisi tunasema hapana. Si kawaida hata kidogo, na anayesema ni kawaida anatuandalia msiba.

Kila aliyesindikiza viazi anaijua harufu hiyo. Mkishapita Soni, kona zikaanza kufuatana, inakuja harufu kali kama ya tambara linaloungua. Kina mama wanafunika pua kwa kanga, dereva anafungua dirisha, safari inaendelea. Je, nyumba ikianza kutoa moshi tutafungua dirisha tuendelee kulala?

Tuelezane harufu inatoka wapi. Breki hulizuia gari kwa kusugua: breki shuu hubana dramu, na mwendo wote unageuka joto. Toka Lushoto mpaka Mombo tunateremka karibu mita 1,000. Lori na mzigo wake vikiwa tani 12, joto la mteremko huo linatosha kuchemsha lita 300 za maji baridi, yaani pipa moja na nusu. Injini ikisaidia, sehemu kubwa ya joto hilo inabebwa na injini. Isiposaidia, breki zinalimeza karibu lote. Hapo breki shuu zinaungua, zinateleza, hazishiki tena. Harufu ni onyo la mwisho kabla ya hapo.

Sasa tuwajibu wenye visingizio.

Wa kwanza ni wale wanaosema kutoa gia na kuliachia gari frii kunaokoa dizeli. Huo ni uongo. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu hukata dizeli, maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa frii, injini lazima inywe dizeli ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka frii anapoteza mafuta na anaunguza breki, yote mawili kwa mpigo, halafu anajisifu kwamba amebana matumizi!

Wa pili ni wapenda rumbesa. Magunia 70 ya kilo 100 ni tani 7. Magunia 70 ya rumbesa yenye kilo 130 ni kilo 9,100. Kwenye daftari yameandikwa magunia 70 tu, lakini breki hazisomi daftari. Tani hizo 2 na ushee zinaongeza joto la kuchemsha ndoo 3 kubwa za maji. Rumbesa inamnyonya mkulima shambani, kisha inamfuata barabarani. Tuikatae huku na huku.

Wa tatu ni wa fundi wa bei poa. Gurudumu likivuja mafuta ya breki, fundi huyo analiziba paipu kwa msumari, eti "mtafika tu". Kazi ya magurudumu manne inafanywa na matatu, na hayo matatu ndiyo yanayoungua. Huko si kutengeneza gari.

Wengine watauliza: kwani kila harufu ni hatari? Hapana, ndiyo maana lazima tujue kuzitofautisha.

Kwanza, breki shuu zikiwa mpya hunuka kidogo safari za mwanzo, kisha huacha. Zikiendelea, kuna jambo.

Pili, harufu ikija wakati wa kupanda au kuondoka na mzigo, mara nyingi ni klachi, si breki.

Tatu, magurudumu yote yakinuka baada ya mteremko, kosa ni uendeshaji au uzito.

Nne, likinuka gurudumu moja tu, breki yake imeng'ang'ania: springi imekatika, silinda ina kutu, au imekazwa kupita kiasi. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa, utalijua lenye joto kuliko mengine. Gari likishapoa, lipige jeki gurudumu hilo ulizungushe. Likiwa zito, lifunguliwe.

Tano, ukisikia harufu kali kama ya kiberiti na kuona mafuta kwenye rimu, oili ya difu imevujia breki shuu. Kuziosha kwa petroli hakusaidii. Ibadilishwe sili, na breki shuu za pande zote mbili, kulia na kushoto, ama sivyo gari litavuta upande mmoja. Na vumbi lisipulizwe kwa mdomo. Breki shuu nyingi za zamani zina asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Yakikaa zaidi ya miaka 2 bila kubadilishwa huchemka mapema, yanafanya mapovu, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Kopo la mafuta hayo na lori zima na watu wake, kipi ghali?

Basi tunataka mambo haya yafanyike, tena msimu huu wa viazi usiishe.

Dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, siyo katikati ya kona. Breki akanyage kwa nguvu kisha aachie, asiilaze mguu njia nzima. Harufu ikitokea, asimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe, asubiri mpaka yapoe. Asimwagie maji, dramu itapasuka.

Kamati itenge fedha za breki kabla ya posho za vikao, na magunia yapimwe kwa mizani, siyo kwa macho.

Na sisi wanachama tuache kumpigia dereva kelele kwamba soko litatuacha. Soko la viazi lipo kesho pia. Anayesikia harufu aseme, awe mzee, mama au kijana wa kupakia, na akisema lori lisimame. Asichekwe.

Lori ni mali yetu sote, tumelinunua kwa jasho. Harufu ile inatuambia ukweli wa gari letu. Tusizibe pua.

Wenu katika ushirika,
Sisi wa gazeti la ukutani