MGENI NJOO, MWENYEJI AFUKUZWE!

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Baadhi ya wenye gesti wa Masasi na Newala wameigeuza: mgeni njoo, mwenyeji ahame! Nasema bila kumung'unya maneno, huo si ujanja wa biashara, ni uroho.

Mwendo wenyewe tunaujua. Mikorosho huchanua katikati ya mwaka, ikifika Oktoba minada inaanza. Hapo wanashuka wanunuzi, madalali, madereva wa malori. Chumba kinalala elfu kumi, kinaamka elfu ishirini. Sawa, bei ipande. Soko ni soko, hilo sigombi. Ninachogombea ni hiki: mwaka jana nililipia chumba mwezi mzima, niandike riwaya yangu kwa utulivu. Siku ya kumi na mbili naambiwa eti, "Dogo, mabosi wa korosho wamefika, toa begi." Kumbe risiti yangu ilikuwa karatasi ya kufungia karanga?

Watajitetea: "Msimu ni miezi mitatu, miezi tisa tunakula hasara." Jamani, tupige hesabu. Siku 90 kwa shilingi 20,000 ni 1,800,000. Msimu ukiisha kitanda kinalala peke yake, lakini mwalimu mgeni akiomba kupanga kwa mwezi anajibiwa hapa ni kwa siku tu! Huyo angelipa hata 60,000 kwa mwezi, miezi tisa ni 540,000. Hasara hiyo kaileta nani?

Tena msimu hauna mkataba na mtu. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei za mnadani, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba. Wanunuzi binafsi wakakaa pembeni. Aliyekuwa amemtimua mpangaji wake ili awangojee hao, alimlaza nani?

Dai letu ni dogo. Mpangisheni mtu kwa mwezi, tena kwa maandishi. Kama Oktoba mnakitaka chumba, mwambieni Septemba, ajipange. Aliyekwisha lipa, siku zake ni zake, hata aje bosi na gunia la noti.

Nanyi waandishi wenzangu, acheni kukimbilia Dar kila mnapotafuta kisa. Kisa kipo hapa hapa, kimeketi juu ya begi lake nje ya gesti, usiku. Kiandikeni!