Miche Iliyopandwa Si Mikoko Iliyopona

Hafla ya kupanda mikoko ikimalizika, mgeni rasmi hutangaza maelfu ya miche iliyochomekwa topeni, wapiga picha hufunga mikoba, na bahari huachiwa kazi. Miaka kadhaa baadaye ni wachache wanaorudi kuhesabu.

Waliorudi wamekuta mambo ya kusikitisha. Nchini Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, watafiti walikagua maeneo 23 yaliyopandwa mikoko. Katika maeneo 9 hakukuwa na mche hata mmoja uliobaki hai, na ni 3 tu yaliyokuwa na zaidi ya nusu ya miche yake. Ufilipino nako, tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba miche iliyodumu ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu, licha ya fedha nyingi zilizomwagwa huko kwa miongo miwili.

Lawama hutupiwa mawimbi. Lakini kosa kubwa lilikuwa mahali pa kupandia: chini mno, kwenye tope na nyasi bahari, ambako maji hayaondoki kwa muda wa kutosha. Tena kati ya aina zote za mikoko, iliyochaguliwa zaidi ni ile inayoitwa mkoko hasa, kwa kuwa mbegu yake ndefu huota ingali juu ya mti, na mtu yeyote anaweza kuiokota na kuichomeka. Urahisi wa mpandaji ukawa kigezo cha upandaji.

Laiti wangeanza na mzizi! Tope la mikokoni halina hewa. Sentimita chache tu chini oksijeni imekwisha, ndiyo maana linanuka yai viza. Seli za mzizi zinapumua saa zote, na oksijeni yake lazima ishuke kutoka juu. Mkoko umejitengenezea mizizi ya mikongojo inayotoka shinani na kusimama wazi juu ya tope, na gome lake limejaa vitundu. Ndani, seli zimeachana na kuacha mifereji ya hewa inayofika hadi ncha zilizozama. Mchu, aina nyingine ya mikoko, una mbinu tofauti: mizizi yake hutambaa chini ya tope na kuchomoza vijiti wima vyembamba kama penseli.

Maji yakijaa, vitundu hufunikwa. Mzizi hutumia akiba yake, shinikizo ndani hupungua, na maji yanapokupwa hewa mpya huvutwa kuingia. Mwaka 1955 mtafiti Per Scholander na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya Florida: walipoziba vitundu hivyo kwa grisi, oksijeni ndani ya mizizi iliyo topeni ilishuka. Mche mchanga usio na mikongojo bado, ukipandwa mahali panapofunikwa na maji karibu kutwa nzima, unakosa pumzi. Hata mti mkubwa hauna kinga. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache, Mombasa, na mikoko iliyozikwa mizizi ikafa ikiwa imesimama.

Chumvi nayo ina mlango wake. Katika tabaka la ndani la mzizi, kuta za seli zimezungushiwa utando usiopitisha maji, kwa hiyo maji hulazimika kupita ndani ya seli zenyewe, na sehemu kubwa ya chumvi hubaki nje. Kuvuta maji kwa namna hiyo kunahitaji nguvu kubwa, nayo mishipa mipana ingekatika kwa mapovu ya hewa. Shina la mkoko limejaa mishipa myembamba na mbao nzito.

Kwa hiyo kila aina ina mahali pake. Gazi, kusini mwa Mombasa, mlilana hukaa mbele ukitazama bahari, mkoko hufuata, mkandaa hupanda juu zaidi, na mchu huonekana pande zote mbili. Wavuvi na wakata boriti wanalijua hilo bila darubini, lakini ni nadra kuulizwa kabla miche haijapakiwa kwenye lori.

Wafadhili na serikali wanaweza kubadilisha kipengele kimoja cha mkataba: sehemu kubwa ya malipo isubiri hadi mwaka wa tano na ihesabiwe kwa miti iliyo hai. Mpandaji atalazimika kwanza kupima maji yanakaa hapo saa ngapi. Pengine atagundua kwamba kuzibua mfereji ulioziba kunatosha, mbegu zije zenyewe na maji. Na vitalu vitaanza kulea mlilana, ingawa mbegu zake ni ndogo na zinasumbua.