Ukipiga "Juicy", Mtaje Mtume

Na Zuhura Mkamba

Watangazaji wetu wakipiga "Juicy" ya The Notorious B.I.G. hutaja jina moja tu, la Biggie. Wimbo huo wa 1994 ndio uliomtambulisha kijana wa Brooklyn kwa dunia, sina ubishi. Lakini mdundo anaoghani juu yake ulikuwa na umri wa miaka 11 tayari. Ni wa "Juicy Fruit", kibao cha 1983 cha kundi lililoitwa Mtume, na inaniuma kwamba jina hilo halitajwi hata huku kwetu, ambako mtu hahitaji kufundishwa namna ya kulitamka.

Kiongozi wa kundi, James Mtume, alizaliwa Philadelphia, baba yake akiwa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Jina la Kiswahili alilichukua California miaka ya 1960, alipokuwa katika kundi la US la Maulana Karenga, mwanzilishi wa sikukuu ya Kwanzaa. Halikuwa pambo. Alitunga muziki wa albamu iitwayo Kawaida, ambamo Herbie Hancock alipiga piano. Kisha akampigia Miles Davis tumba kwa miaka kadhaa. Sikilizeni Dark Magus, iliyorekodiwa jukwaani New York mwaka 1974, muone vipande vyake vinavyoitwa: "Moja", "Wili", "Tatu", "Nne".

Mtu wa jazi kali namna hiyo alifikaje kwenye wimbo wa mapenzi wa taratibu? Disko ilikuwa imepigwa vita. Julai 12, 1979, rekodi zake zililipuliwa mbele ya umati katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago, na kampuni za muziki zikaanza kulikimbia neno lenyewe. Watu hawakuacha kucheza. Kilichopungua ni vinanda vya nyuzi na safu za tarumbeta. Mashine za ngoma na sintesaiza zikashika nafasi yao. Mtume na mwenzake Reggie Lucas, waliokutana kwa Davis, walikuwa wameshamwandikia Stephanie Mills "Never Knew Love Like This Before" mwaka 1980, wimbo uliojaa sauti kila kona.

"Juicy Fruit" ni kinyume chake kabisa. Mashine ya ngoma inapiga bila haraka, besi inasema neno moja na kunyamaza, kinanda kinaingia pale tu kinapotakiwa, na sauti ya Tawatha Agee inapita katikati bila kusukumana na chochote. Mwimbaji mwingine angepiga kelele kuujaza utupu ule. Yeye anauacha. Kwa masikio yangu, uhai wote wa wimbo uko hapo, na ndiyo sababu wengine wameweza kuingia ndani yake baadaye na bado wakapata pa kukaa.

Ulikaa kileleni mwa chati ya R&B ya Billboard kwa majuma 8. Kwenye chati kuu ya Hot 100 uliishia nambari 45.

Sasa, Mtume mwenyewe hakupenda mtindo wa kukata vipande vya rekodi za wenzako. Mwaka 1988 aliukosoa redioni New York, na kundi la Stetsasonic likamjibu kwa wimbo mzima, "Talkin' All That Jazz". Walisema kweli kwamba hip hop ilikuwa ikiwarudisha wakongwe masikioni mwa vijana. Naye alikuwa na haki ya kudai kuwa jasho la mtu halichukuliwi bure. Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia kipande cha mwenzake bila ruhusa, na tangu hapo kampuni zikajua kwamba kipande cha rekodi kinaombewa ruhusa. Ndiyo maana kwenye "Juicy" James Mtume ameandikwa miongoni mwa watunzi. Mwaka 2007 Keyshia Cole aliuchota tena mdundo huohuo katika "Let It Go", akapata kibao kikubwa.

Mtume alifariki Januari 2022, akiwa na miaka 76. Sheria ya Marekani ilimpa haki yake kwenye karatasi. Ninachowaomba watangazaji wa hapa ni kidogo zaidi: tajeni jina lake kabla ya Biggie hajaanza kughani, na siku moja moja tangulizeni ule wimbo wa 1983. Muupige wote, msiukate kabla Tawatha hajamaliza.