Mshindi na Mshindwa

Wahenga walisema: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Methali hii twaijua sote, lakini ni wachache wanaoikumbuka siku ile wanaposhindwa wenyewe. Juma hili twaipima kwa mchezo wa sataranji.

Wanafunzi wa Cimpunda wasomao Kifaransa watatusaidia kuanza. Sataranji kwa Kifaransa huitwa échecs. Na mtu akianguka katika jambo lolote, hata mtihani wa shule, hilo nalo huitwa échec. Ni neno moja, lililotokana na neno la Kiajemi shah, maana yake mfalme. Mchezaji ambaye mfalme wake amezingirwa, asipate njia ya kutokea, ndiye aliyeshindwa.

Mchezo huu hauna bahati nasibu. Kila mchezaji ana kete 16 juu ya ubao wa miraba 64, na hakuna kete iliyofichwa. Katika mpira, timu iliyofungwa yaweza kulaumu matope au mwamuzi. Katika sataranji hakuna wa kulaumiwa ila nafsi yako. Ndiyo maana kushindwa kwake kwauma, na ndiyo maana kwaweza kufundisha.

Tazameni mfano wa jirani zetu wa Uganda. Phiona Mutesi alilelewa katika mtaa maskini wa Katwe, mjini Kampala, ambako mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye, naye hakukataa kufundishwa. Mwaka 2010 alikwenda Khanty-Mansiysk, nchini Urusi, katika mashindano ya mataifa, akashindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hakuacha. Mwaka 2012, katika mashindano kama hayo mjini Istanbul, alijipatia cheo cha kimataifa, yaani Mgombea Ubingwa kwa upande wa wanawake.

Sasa mtazameni aliyezoea kushinda. José Raúl Capablanca wa Cuba alikaa miaka 8, tangu 1916 hata 1924, bila kushindwa katika mashindano. Mwaka 1927 alikutana na Alexander Alekhine, ambaye kabla ya hapo hakuwa amemshinda hata mara moja. Naye Alekhine akamnyang'anya ubingwa wa dunia. Alekhine mwenyewe akaupoteza mwaka 1935 kwa Max Euwe, mwalimu wa hesabu wa Uholanzi, akaurudisha mwaka 1937. Basi ushindi wa jana si ngao ya leo.

Hata hivyo, kushindwa peke yake hakumpi mtu akili. Ashindwaye mara kumi kwa kosa lile lile amepata hasara mara kumi, basi. Wachezaji wa mashindano huandika kila hatua katika karatasi. Mchezo ukiisha hupeana mikono, kisha mara nyingi mshindi na mshindwa huketi pamoja, wakazipanga kete upya na kutafuta mahali mambo yalipoanza kuharibika. Huko ndiko faida ilipo. Mara nyingine mshindi naye hugundua kwamba alikuwa karibu kuanguka, akaokolewa na kosa la mwenzake.

Enyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani ameanguka mtihani, fimbo na dhihaka zitamfundisha jambo moja tu: kuificha karatasi. Na mtoto aifichaye karatasi leo, kesho ataiacha shule yenyewe. Keti naye, muulize: "Ulianza kukosea wapi?" Aliyepata pointi nyingi naye aulizwe ni jawabu lipi alilibahatisha.

Nanyi wanafunzi, msiitupe karatasi yenye alama nyekundu. Ifungueni tena, mlifanye upya swali lililowashinda, mpaka mlione kosa kwa macho yenu. Atakayefanya hivyo hataogopa kuketi tena mbele ya ubao.