Friji Yenye Joto Si Friji Mbovu

Joto linalotoka nyuma au ubavuni mwa friji ndiyo kazi yake yenyewe. Dai kwamba joto hilo ni dalili ya gesi kupungua, hivyo fundi aitwe aongeze, linapotosha na kuwatia watu hasara. Friji huhamisha joto la chakula na kulitoa nje, pamoja na joto la umeme wote inaoutumia. Ikila wati 100 huku ikiondoa wati 150 ndani, jikoni huingia wati 250. Tena gesi ikipungua, mabomba yanayotoa joto hilo aghalabu hupoa! Kinachohitajika ni hewa: friji isogezwe mbali na ukuta, vumbi la mabomba lifutwe, kitambaa cha mapambo kisiyafunike, na sufuria ya moto ipoe kwanza kabla ya kuwekwa ndani.