Kamera ya Fasihi Simulizi: Tununue Sikio Kabla ya Jicho

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi hujisifu katika kila mhadhara kwamba uhai wa taaluma yetu ni utendaji: sauti, ishara, ala, mandhari na hadhira. Hata hivyo, tunapokwenda nyanjani kuukusanya utendaji huo, hubeba kamera ndogo ya mkononi iliyoundwa kwa ajili ya kunasa sherehe za nyumbani. Katika mkutano wa chama chetu muhula uliopita, palizuka mjadala mkali: je, michango ya wanachama itumike kununua kamera ya kitaalamu, au kamera tuliyo nayo yatosha? Walioiunga mkono hoja walisifu uzuri wa picha. Walioipinga walitaja bei. Nionavyo mimi, pande zote mbili ziliacha kando jambo lililo kuu, nalo ni sauti.

Naomba nianze kwa kisa kilichonifika mwenyewe. Mwezi wa Agosti, miaka miwili iliyopita, nilikwenda kisiwani Pate, katika Kaunti ya Lamu, kukusanya ngano kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mwenyeji wangu alinipeleka kwa bibi mmoja aliyesifika kwa utambaji. Baada ya sala ya isha, wajukuu na majirani wakakusanyika uani. Niliiweka kamera ya chama juu ya kiti cha plastiki. Bibi akaitazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kidude hicho chasikia, au chaona tu?" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Chasikia pia, Bibi." Nilijibu jambo nisilolijua.

Usiku huo Bibi alitamba kwa zaidi ya saa nzima. Zimwi lilipoukaribia mlango, aliishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono, na watoto wakasogea mbele kwa magoti. Ghafla akapiga ukelele, na ua mzima ukashtuka. Lakini miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa Nairobi nikiinukuu rekodi ile, sikuusikia mnong'ono wala ukelele. Nilisikia sauti moja iliyosawazika toka mwanzo hadi mwisho, na juu yake upepo wa kusi ukinguruma kama lori linalopanda mlima. Kwa kuwa niliiamini rekodi kuliko kumbukumbu yangu, niliandika katika rasimu ya sura ya nne kwamba mtambaji huyu hatumii sana upandishaji na ushushaji wa sauti. Siku chache baadaye nililifungua daftari langu la nyanjani, nikakuta maneno niliyoyaandika gizani kwa penseli: "Anong'ona. Watoto wasogea." Nikaifuta sentensi ile kwa aibu. Niliporejea Pate mwaka uliofuata ili nimrekodi upya, Bibi alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Kosa lilitoka wapi? Kamera za nyumbani huwa na utaratibu wa kurekebisha kiwango cha sauti bila ya kumwuliza mtumiaji. Sauti ikishuka, kamera huipandisha, ikipanda, huishusha. Kwa anayetaka kusikia maneno ya mtoto akizima mishumaa ya keki, utaratibu huo ni msaada. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi ni balaa, kwa maana hufuta kile hasa anachokitafuta. Mnong'ono wa mtambaji hupandishwa hadi usawa wa mazungumzo, na kimya chake hujazwa na mvumo wa mazingira. Kiitikio cha hadhira kinapolipuka, kamera huibana sauti yote, na fanani anayeendelea kuimba hudidimia. Isitoshe, maikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera huwa mbali na kinywa cha fanani, lakini karibu na upepo na kidole cha mshika kamera.

Picha nayo hukumbwa na tatizo la namna hiyo hiyo. Kamera inayojiamulia mwanga hutafuta wastani. Msimamishe fanani mbele ya ukuta mweupe wa chokaa saa sita ya mchana, nayo itaupunguza mwanga ili kuuhimili ukuta, na uso wa fanani utageuka kivuli. Twawezaje, basi, kuandika kuhusu ishara za uso ambao hatuuoni?

Tofauti kubwa ya kamera ya kitaalamu, kwa hiyo, si anasa ya picha kali. Ni kwamba humrudishia mtafiti mamlaka ya kuamua. Lenzi yake huwa na mizingo ya kurekebisha umakini wa picha na mwanga kwa mkono, na nyingi huwa na vichujio vya ndani vya kupunguza jua kali. Muhimu zaidi, huwa na matundu ya XLR yenye pini tatu, ambayo hupokea waya mrefu wa maikrofoni bila ya kuokota mvumo wa umeme, na ambayo yaweza kuipelekea maikrofoni nguvu ya volti 48. Kila mkondo wa sauti huwa na kirekebishi chake. Hivyo, mkondo mmoja waweza kumnasa fanani na wa pili ukainasa hadhira. Fikirieni manufaa yake kwa anayechunguza nafasi ya hadhira: aweza kuwasikiliza waitikiaji peke yao, kisha akawarudisha mahali pao.

Historia ya taaluma yetu yathibitisha kwamba chombo huweza kuzaa nadharia. Milman Parry, mtaalamu wa Kimarekani, alipokwenda Yugoslavia katika miaka ya 1930 kuwarekodi waimbaji wa tendi, sahani za kunasia sauti za wakati huo zilijaa baada ya dakika chache tu. Hakukubali kuukatakata utendi. Alitumia mtambo uliotengenezwa mahususi, wenye meza mbili za kuzungushia sahani za alumini, ili moja ikijaa nyingine iendelee na mwimbaji asikatizwe. Rekodi hizo ndizo zilizomwezesha mwanafunzi wake, Albert Lord, kuandika The Singer of Tales, kilichochapishwa mwaka 1960. Lau Parry angaliridhika na vipande vifupi, huenda leo tusingalikuwa na mjadala wa fomula na utungaji wa papo kwa papo tunaoutahiniwa kila mwaka.

Zipo pingamizi ambazo sina budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba simu za siku hizi hurekodi picha za kiwango cha 4K. Ni kweli, na nakiri kwamba simu yenye maikrofoni nzuri ya nje yaweza kuishinda kamera yetu kuukuu. Hata hivyo, wingi wa nukta katika picha hauongezi chochote katika sauti. Pingamizi ya pili ni kwamba kamera kubwa huwatisha watu na kuugeuza utendaji kuwa maigizo ya mbele ya kamera. Hii ni hoja nzito. Tiba yake ni adabu ya utafiti: kufika mapema, kuketi na watu siku kadhaa kabla ya kurekodi, kuisimamisha kamera mbali juu ya stendi na kuivuta picha kwa lenzi. Zaidi ya yote, ni kuomba idhini. Zipo ngoma na nyimbo za unyago zisizopaswa kuonwa na kila jicho, na kamera nzuri haimpi mtu ruhusa ya kuziingilia. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na nyingine ya mwaka 2019 inayolinda data za watu binafsi. Yafaa tuzisome kabla ya kuusoma mwongozo wa kamera.

Pingamizi ya tatu ni bei, nayo ndiyo inayonifanya nipendekeze mpangilio wa ununuzi. Tuanze na maikrofoni mbili na vifuniko vyake vya kukinga upepo, vipokea sauti vya masikioni, kinasa sauti na stendi imara. Vifaa hivi vyaweza kutumika hata sasa: sauti hurekodiwa kando, kisha huoanishwa na picha kwa alama ya kofi moja linalopigwa mwanzoni mbele ya kamera. Michango ikiongezeka, tununue kamera yenyewe, hata ikiwa imetumika, mradi ina matundu ya sauti na virekebishi vya mkono. Haba na haba hujaza kibaba.

Tusisahau hifadhi. Kabatini mwetu mna kanda za MiniDV, mfumo ulioanza mwaka 1995, na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena. Kamera mpya itakayorekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde itahitaji takriban gigabaiti 22.5 kwa kila saa moja. Saa kumi za nyanjani ni gigabaiti 225, nazo zahitaji nakala mbili katika majengo mawili tofauti, pamoja na nakala ya tatu kwa jamii iliyotupa ngano zake. Asiyepanga bajeti ya diski asinunue kamera.

Nawasihi wanachama wenzangu, na wahadhiri wetu wanaotulea, tulirejelee suala hili katika mkutano ujao tukiwa na orodha ya vifaa mkononi, na tutenge siku mbili za mafunzo kabla ya mtu yeyote kukabidhiwa kamera. Wapo watambaji wengine Pate, Siyu na Faza, na wengi wao ni wazee. Ningependa atakayetumwa kwao baada yangu, akiulizwa swali lile la Bibi, aweze kulijibu kwa ukweli.